Zlín, mji uliozaa viatu vya Bata: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akikwambia hajawahi kusikia habari za Zlín, mtazame miguuni. Huenda alienda shule ya msingi akiwa amevaa kitu kilichoanzia huko. Maswali yaliyomo humu ndiyo yanayojirudia kila mji huu unapotajwa mbele ya Waswahili. Mengine yana majibu marefu, mengine ya sentensi mbili tu, kwa sababu hayastahili zaidi ya hapo.

Zlín iko wapi hasa?

Iko Ucheki, upande wa kusini-mashariki, katika nchi ya kale iitwayo Moravia, si mbali na mpaka wa Slovakia. Kutoka Praha ni kilomita kama 300, na kutoka Brno ni kama 100. Mji umelala kwenye bonde la mto Dřevnice, na vilima vyenye misitu vimeuzunguka pande zote mbili. Wakazi wake ni takriban 74,000. Tangu mwaka 2000 ni makao makuu ya mkoa unaobeba jina lake.

Mahali hapa panakutana jamii tatu za Wamoravia zenye mavazi, nyimbo na lafudhi tofauti: Wavalaki wa milimani, Wahana wa tambarare zenye rutuba, na Waslovako wa mashamba ya mizabibu kusini. Kabla ya kiwanda, hilo ndilo lililoufanya mji uwe na watu siku za gulio.

Ni kweli Bata ya viatu ilianzia huko? Na jina lina uhusiano na bata, yule ndege?

Ya kwanza ni kweli. Ya pili hapana, japo sisi tumelizoea jina hilo kana kwamba ni letu. Ni jina la ukoo: Baťa. Herufi ya tatu ina alama inayolainisha sauti, kwa hiyo Wacheki hutamka karibu na "Batya". Jina liliposafiri alama ile ikabaki nyumbani, na likatua pwani yetu likiwa limefanana kabisa na ndege wa majini. Mcheki hawezi kuelewa kwa nini Mtanzania anacheka akisikia familia nzima "ilikula bata".

Kabla ya viatu palikuwa na nini?

Palikuwa na mji mdogo tu. Zlín inatajwa kwa mara ya kwanza kwenye maandishi mwaka 1322, na mwaka 1397 ikapewa haki za kuwa mji. Karne nyingi zilizofuata zilikuwa za wafumaji, wafinyanzi na mafundi viatu waliofanya kazi vibandani mwao na kuuza gulioni. Mwaka 1894 wakazi walikuwa kama 3,000. Reli ya kutoka mji jirani wa Otrokovice kupitia Zlín hadi Vizovice ilifika mwaka 1899. Asingezaliwa mtoto mmoja wa fundi viatu, leo pangekuwa mahali pa kupita bila kushuka kwenye gari moshi.

Tomáš Baťa alikuwa nani?

Ndiye huyo mtoto. Alizaliwa Zlín tarehe 3 Aprili 1876, katika ukoo uliokuwa umeshona viatu vizazi kwa vizazi. Mwaka 1894, akiwa na miaka 18, yeye na kaka yake Antonín na dada yao Anna walifungua kampuni kwa mtaji uliotokana na urithi wa mama yao. Haukupita muda mrefu wakazama kwenye madeni. Kilichowaokoa ni kiatu cha turubai: ngozi ilikuwa ghali, turubai rahisi, nao wakashona viatu vyepesi vya kitambaa vyenye ngozi kidogo tu. Watu wakavipenda, vikaitwa kwa jina lao, baťovky. Raba za shuleni tunazozijua sisi ni vitukuu wa kiatu hicho.

Mwaka 1904 Tomáš alivuka bahari kwenda Marekani, akafanya kazi ya mikono kiwandani huko Lynn, Massachusetts, mji uliokuwa ukisifika kwa viatu. Hakwenda kutalii. Alitaka kujua Mmarekani mmoja anatoaje viatu vingi kuliko mafundi kadhaa wa Moravia. Alirudi na jibu, yaani mashine na mpangilio wa kazi, akaanza kupanga upya karakana zake.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilimletea oda za viatu vya askari wa Austria-Hungaria, na kiwanda kikavimba. Tukiwa wakweli, utajiri wa Zlín ulipata msukumo mkubwa kwenye mahandaki ya vita.

Ni kweli aliwahi kukata bei kwa nusu?

Ndiyo, na kisa hiki Wacheki wanakisimulia hadi leo. Mwaka 1922 Chekoslovakia ilikuwa nchi changa na sarafu yake ilipanda thamani ghafla. Bidhaa za kuuza nje zikawa ghali, viwanda vikaanza kufunga milango na kupunguza watu. Tarehe 1 Septemba Baťa alitangaza kwamba viatu vyake vyote vinauzwa nusu bei.

Washindani walidhani amerukwa na akili. Madukani watu walipanga foleni. Bila shaka pengo lile lilizibwa na mtu: mishahara ya wafanyakazi ilikatwa kwa asilimia 40. Kwa upande wa pili kampuni iliahidi kuwauzia chakula, nguo na mahitaji mengine ya lazima kwa nusu bei pia. Mzigo ukagawanywa, kazi zikabaki, na waliocheka wakapotea sokoni. Siku hizi kisa hiki hufundishwa kwenye kozi za biashara kama ushujaa wa mwenye kiwanda. Mimi huwa nataka kwanza kumsikia mama wa nyumbani aliyepokea bahasha ya mshahara wiki ile.

Kwake pia kunahusishwa mazoea ya bei zinazoishia na 9: koruna 19, 29, 99. Wacheki huita "bei ya Baťa". Ukiona kiatu Nairobi kimeandikwa 999, unajua ilikotoka.

Mji wa mto, sawa. Lakini mto wenyewe unafanya nini?

Dřevnice si mto wa kujivunia ukubwa. Una urefu wa kilomita kama 40, unatoka vilima vya Hostýn na kuishia kwenye mto Morava pale Otrokovice. Meli haipiti. Wakati wa kiangazi sehemu nyingine mtoto anavuka bila kukunja suruali. Jina lake linatokana na neno la Kicheki la mti au kuni.

Faida yake ilikuwa bonde. Kati ya vilima mto ulichonga ukanda tambarare, na kwenye ukanda huo mwembamba vikapangwa vyote pamoja: reli, kiwanda, barabara, mji. Kingo za mto zilinyooshwa ili usiharibu hesabu za wahandisi. Ndiyo maana Zlín ni mji mrefu na mwembamba, umejinyoosha kufuata maji, huku mitaa ya nyumba ikipanda kwenye miteremko.

Kazi nzito ya maji ilifanyika jirani, kwenye mto Morava. Kati ya 1934 na 1938 ulichimbwa mfereji wa kilomita 52 hivi kutoka Otrokovice hadi Rohatec. Sehemu fulani unapita ndani ya mto wenyewe, sehemu nyingine kwenye njia iliyochimbwa, na ina milango ya kupandisha na kushusha mashua. Shehena kuu ilikuwa linaiti, yaani makaa ya mawe ya daraja la chini, iliyopelekwa kwenye mtambo wa umeme wa Baťa. Wakulima nao walipata maji ya kumwagilia mashamba. Leo mfereji huo unaitwa Mfereji wa Baťa, na kinachosafirishwa ni watalii wenye bia mkononi.

Maji hayo hayo yana hasira zake. Julai 1997 mto Morava ulifurika vibaya sana, na Otrokovice ikawa miongoni mwa miji iliyozama zaidi.

Kwa nini majengo yote yanafanana?

Kwa sababu yote yalitoka kwenye kipimo kimoja: mita 6.15 kwa mita 6.15. Nguzo za zege zilisimamishwa kwa umbali huo, kati yake kukajazwa matofali mekundu na madirisha makubwa, basi. Kiwanda, shule, hospitali, duka, hoteli, bweni, vyote ni kipimo hicho kikirudiwa. Mafundi walizoea kazi mpaka jengo linapanda ghorofa mbele ya macho yako. Na majengo ya kiwanda yalipewa namba badala ya majina, kwa safu na mistari, ili mgeni asipotee.

Wasanifu waliohusika walikuwa wazito. Jan Kotěra, mwalimu wa kizazi kizima cha wasanifu wa Kicheki, ndiye aliyeanza. Mwanafunzi wake František Lydie Gahura, mzaliwa wa Zlín, akawa msanifu wa mji. Vladimír Karfík alikuwa amefanya kazi Paris kwa Le Corbusier na Marekani kwa Frank Lloyd Wright, wasanifu mashuhuri duniani, kabla ya kurudi nyumbani. Mwaka 1935 Le Corbusier mwenyewe alifika Zlín kama mmoja wa majaji wa shindano la nyumba za makazi.

Wengine huona mji huu unachosha. Mimi naona kinyume chake: ukishaujua mdundo wa nguzo zile, unaanza kufurahia kila mahali msanifu alipothubutu kuuvunja.

Na ile ofisi ndani ya lifti, ni hadithi?

Si hadithi, ipo, na unaweza kuingia. Jengo la 21, makao makuu ya kampuni, lilikamilika mwishoni mwa miaka ya 1930 kwa michoro ya Karfík. Lina urefu wa mita 77.5, na wakati huo lilikuwa miongoni mwa majengo marefu kabisa barani Ulaya. Pembeni mwake kuna chumba cha kama mita 6 kwa 6 (umekikumbuka kipimo) chenye meza, simu, kiyoyozi na sinki lenye maji ya bomba, na chumba chote hupanda na kushuka ghorofa zote. Badala ya mkuu wa idara kuitwa kwa bosi, bosi anaibuka ghorofani kwake.

Kichekesho ni kwamba bosi aliyetengenezewa, Jan Antonín Baťa, hakuifaidi. Mwaka 1939 Wajerumani waliikalia nchi, naye akaondoka. Siku hizi jengo ni la serikali ya mkoa pamoja na ofisi ya kodi.

Wafanyakazi waliishi vipi? Palikuwa peponi au kifungoni?

Hili ndilo swali lenyewe, na ndilo wenyeji hubishana nalo wakishafika glasi ya tatu.

Tuanze na mazuri. Mfanyakazi mwenye familia alipewa nyumba ya matofali yenye paa bapa, bafu na bustani, kwa kodi ndogo, katika mitaa kama Letná, Zálešná na Podvesná. Msemo wa kampuni ulikuwa kwamba kazi ifanywe kwa pamoja, lakini kila mtu akaishi kivyake. Wakati huo wafanyakazi wa viwanda kwingi Ulaya walirundikana kwenye vyumba visivyo na mwanga. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1927. Jumba Kubwa la Sinema la mwaka 1932 liliweza kuchukua zaidi ya watu 2,000 kwa mkupuo. Kila karakana ilikuwa na hesabu zake, ikinunua kazi kutoka karakana iliyotangulia na kuuza kwa inayofuata, na tangu mwaka 1924 wafanyakazi wengi walipata mgawo wa faida. Hasara nayo waligawana.

Vijana walichukuliwa kutoka vijijini na kuingizwa kwenye Shule ya Kazi ya Baťa, iliyoanzishwa mwaka 1925. Mchana kiwandani, jioni darasani, usiku bwenini. Walifundishwa lugha, hesabu, na hata namna ya kutumia pesa zao wenyewe.

Sasa upande wa pili. Nyumba ilikuwa ya kampuni. Ukipoteza kazi, unapoteza na paa. Duka, gazeti, sinema na hospitali vyote vilikuwa vya kampuni. Mwaka 1923 Tomáš Baťa alichaguliwa kuwa meya, akaushika wadhifa huo hadi kifo chake, kwa hiyo ukigombana na mwajiri huna pa kwenda kumshtaki. Vyama vya wafanyakazi vilivyotaka kusimama kwa miguu yao havikuachiwa nafasi. Maisha ya nyumbani yalifuatiliwa: nani anakunywa, nani ana madeni, nani hana adabu. Ukutani kuliandikwa kwamba siku ina sekunde 86,400. Maneno hayo unaweza kuyasoma kama ushauri. Unaweza pia kuyasoma kama mtu aliyesimama nyuma yako na saa mkononi.

Ninavyoona, upande mmoja hauwezi kutolewa ukaachwa mwingine. Mkono uliotoa bafu ndio uliotaka kujua umelala saa ngapi.

Alikufaje?

Kwa ndege yake mwenyewe. Asubuhi ya tarehe 12 Julai 1932 alikuwa anasafiri kwenda Uswisi, ambako kampuni ilikuwa ikijenga kiwanda mjini Möhlin. Ukungu ulikuwa mzito uwanjani Otrokovice. Ndege, Junkers F 13, ilianguka muda mfupi baada ya kuruka, na yeye pamoja na rubani Jindřich Brouček wakafa.

Mwaka uliofuata Gahura alimjengea kumbukumbu juu ya mji: sanduku la zege na kioo, tupu kabisa ndani, isipokuwa ndege ya aina ile ile ikining'inia hewani. Baadaye jengo lilibadilishwa matumizi na ndege ikaondolewa. Ukarabati uliokamilika mwaka 2019 umelirudishia utupu wake, pamoja na nakala ya ndege. Kama una saa moja tu Zlín, nenda hapo.

Vita vya Pili viliufanya nini mji?

Ukaliaji wa Wajerumani ulianza Machi 1939. Familia ilitawanyika: Jan Antonín, ndugu wa kambo aliyerithi uongozi, alikwenda Marekani na kisha Brazili, Thomas, mtoto wa Tomáš, alikwenda Kanada. Baadhi ya wafanyakazi Wayahudi walihamishiwa matawi ya ng'ambo na hivyo wakaokoka. Tarehe 20 Novemba 1944 ndege za Marekani ziliupiga mji kwa mabomu na sehemu kubwa ya kiwanda ikaharibika. Ukombozi ulikuja tarehe 2 Mei 1945.

Kwa nini ramani za zamani zinaandika Gottwaldov?

Ni mji huo huo. Baada ya Wakomunisti kushika madaraka mwaka 1948, tarehe 1 Januari 1949 Zlín ilipewa jina la rais wao, Klement Gottwald. Kampuni nayo ikapewa jina jipya, Svit. Jina la Baťa lilitakiwa lisahaulike katika mji ambao kila tofali lake lilikuwa lake. Jina la Zlín lilirudi tarehe 1 Januari 1990, wiki chache baada ya utawala ule kuanguka. Wazee wengine bado linawaponyoka mdomoni jina la Gottwaldov; usiwadhanie vibaya, ndilo walilozaliwa nalo kwenye vyeti.

Utawala ulipobadilika, familia ilirudishiwa kiwanda?

Hapana. Thomas alirudi kutembea Desemba 1989, na umati ulimpokea kama ndugu aliyefufuka. Lakini sheria ya kurejesha mali iligusa zilizochukuliwa baada ya tarehe 25 Februari 1948. Kiwanda cha Baťa kilitaifishwa mapema zaidi, mwaka 1945, na serikali iliyokuwa bado haijawa ya Wakomunisti peke yao. Bata ikarudi Ucheki kama muuzaji mwenye maduka, huku Svit ikipambana peke yake na soko huria na viatu rahisi kutoka Asia. Svit ilifilisika kufikia mwaka 2000, na maelfu ya watu walikuwa wameshapoteza kazi.

Jan Antonín alihukumiwa bila kuwapo mwaka 1947, akafia Brazili mwaka 1965. Mahakama ya Ucheki ilimsafisha jina mwaka 2007.

Limuru inaingiaje hapa?

Vizuri sana. Ushuru wa forodha ulipopanda kila mahali miaka ya 1930, kampuni iliona ni nafuu kuhamisha kiwanda kuliko viatu. Ikajenga Zlín ndogo ndogo duniani: Batanagar karibu na Kolkata, East Tilbury Uingereza, Best Uholanzi, Borovo nchini Kroatia ya leo, Batawa Kanada, Batatuba Brazili. Ukitembelea kadhaa kati ya hizo utakuta matofali yale yale na kipimo kile kile, na wenyeji wasiojua kwamba mtaa wao ni binamu wa mitaa mingine.

Kiwanda cha Limuru, kaunti ya Kiambu, ni mtoto wa ukoo huo tangu enzi za ukoloni. Kimewavisha watoto wa shule wa Kenya vizazi kadhaa, patapata zake zimefika kila soko, na buti zake za safari zimenunuliwa na watalii wasiojua kwamba wanavaa jina la ukoo wa Moravia. Huku Tanzania, Bata ilikuwa miongoni mwa kampuni ambazo serikali ilichukua hisa nyingi baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967. Kwa hiyo kampuni ile ile ilitaifishwa Zlín na kuguswa na utaifishaji Dar es Salaam, miaka 22 ikipita katikati, kwa itikadi zilizofanana kidogo na kutofautiana sana.

Na kile kisa cha wauzaji wawili waliotumwa Afrika?

Unakijua: mmoja anapiga simu ya maandishi kwamba "hapa hakuna soko, watu hawavai viatu," mwingine anaandika "soko kubwa ajabu, hakuna mwenye viatu." Husimuliwa kuhusu Bata, na husimuliwa vilevile kuhusu kampuni nyingine. Kichukue kama kichekesho cha semina. Babu zetu walikuwa na makubadhi na viatu vya ngozi kabla ya muuzaji yeyote kushuka melini.

Mji umetoa watu gani maarufu?

Kwa Mwafrika Mashariki wa kwanza awe Emil Zátopek, mkimbiaji. Hakuzaliwa Zlín, ila alikuja kijana kufanya kazi kwa Baťa na kulala kwenye yale mabweni. Mwaka 1941 kampuni iliandaa mbio za mjini na wakubwa wakamwamuru akimbie. Alijitetea kwamba anaumwa. Daktari akasema ni mzima. Akawa wa pili. Miaka 11 baadaye, Olimpiki ya Helsinki, alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, zote katika mashindano yale yale. Hata Bonde la Ufa halijatoa mtu aliyerudia hilo.

Tom Stoppard, mwandishi wa tamthilia wa Uingereza, alizaliwa hapa mwaka 1937. Baba yake alikuwa daktari wa hospitali ya Baťa, na familia ilipelekwa Singapore mwaka 1939. Ivana Trump, mke wa kwanza wa Donald Trump, alizaliwa mwaka 1949, kwa hiyo kisheria ni mzaliwa wa Gottwaldov. Msanifu Eva Jiřičná pia ni wa hapa. Karel Zeman na Hermína Týrlová walitengeneza filamu zao za vikaragosi kwenye studio za Kudlov, ambazo mwaka 1936 zilijengwa ili kupiga matangazo ya viatu. Tamasha la filamu za watoto lipo tangu mwaka 1961.

Kuna pia Jiří Hanzelka na Miroslav Zikmund, vijana wawili waliotoka na gari la Tatra mwaka 1947 na kuipita Afrika kutoka kaskazini hadi kusini, kisha Amerika ya Kusini. Picha na maandishi yao yamehifadhiwa kwenye makumbusho ya Zlín. Zikmund alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 102.

Leo watu wanafanya kazi gani?

Mpira umeshinda ngozi. Kiwanda kikubwa cha eneo hilo ni cha matairi ya Barum kule Otrokovice, mali ya Continental ya Ujerumani tangu miaka ya 1990. Jina Barum limeunganishwa kutokana na majina ya kampuni tatu: Baťa, Rubena na Mitas. Kuna mashine, plastiki, na ndege ndogo za mafunzo zenye jina la Zlín. Kila Agosti mji hufungwa kwa Barum Rally. Mashabiki wa Safari Rally watajisikia nyumbani, ukiondoa vumbi.

Kiwanda chenyewe cha zamani hakikuvunjwa. Majengo yenye namba yamekuwa ofisi, maduka, karakana ndogo, na mengine bado yanasubiri mwenyewe. Jengo la 14 na la 15 yana makumbusho, jumba la sanaa na maktaba tangu mwaka 2013.

Naweza kusoma huko?

Ndiyo. Chuo Kikuu cha Tomáš Baťa kilianzishwa mwaka 2001, kikiwa na mizizi kwenye kitivo cha teknolojia cha mwaka 1969. Kina programu kwa Kiingereza. Kicheki utakihitaji dukani hata hivyo.

Nikifika nianzie wapi?

Treni kubwa zinasimama Otrokovice, si Zlín. Hapo panda treni ndogo ya bondeni au trolibasi, lile basi linalovuta umeme kwenye nyaya za juu. Yamekuwapo tangu mwaka 1944. Anza na Jengo la 21: panda hadi paa, uone bonde lote na mji ulivyonyooka kufuata mto. Shuka, vuka kwenda jengo la 14 uone viatu vya dunia nzima. Kisha panda mteremko kati ya mabweni hadi kwenye kumbukumbu ya kioo. Vaa kiatu kizuri, mlima upo. Ukibaki na siku nyingine, Vizovice wanakeneka pombe ya plamu, na hawapendi mgeni anayekataa glasi ya kwanza.

Nitapata kununua Bata Zlín kwenyewe?

Duka lipo. Lakini geuza kiatu usome chini ya soli kimetengenezwa wapi kabla hujamtumia mama picha nyumbani, maana vingi vimetoka ng'ambo. Bei, mara nyingi, itaishia na 9.